Je, Ni Halali Kumkata Mtu Katika Picha?

Liko jambo linalofanyika majumbani mwetu bila kelele, nasi twaona lafaa kupimwa. Ni desturi ya kuchukua mkasi na kumwondoa mtu katika picha ya jamaa: mke aliyeachwa, mkwe aliyekosana na wazee, au ndugu aliyekula mali ya urithi. Je, ni halali?

Sisi wa umri mkubwa twazikumbuka picha nyeusi na nyeupe. Filamu ya namba 120 ilitoa picha 12 za mraba, na bei yake haikuwa ndogo, kwa hiyo hakuna aliyepiga ovyo. Watu walioga, wakavaa nguo za Jumapili, wakapangwa: wazee vitini, watoto chini, vijana nyuma. Mwanga uliacha alama juu ya chumvi za madini ya fedha zilizopakwa kwenye filamu, kisha mpiga picha akaisafisha gizani kwa dawa. Picha ya namna hiyo, ikisafishwa na kuoshwa vema, huweza kudumu zaidi ya miaka 100. Huko Unguja, studio ya Capital Art iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 imeacha sura za watu wengi waliokwisha kufa zamani.

Hapa Isongole, mpakani na Malawi, jamaa nyingi zina ndugu ng'ambo. Mtoto aweza kukua akimjua shangazi yake kwa karatasi tu. Basi anayekata karatasi ile huenda akakata njia pekee ya watu wawili kufahamiana.

Wanaokata wana hoja, nasi tusiidharau. Mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka mingi, atalazimishwaje kuutazama uso ule ukutani kila asubuhi? Hatuna neno la kumlaumu. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kutundika picha ni kumheshimu mtu. Kuitunza ni kushuhudia kwamba alikuwako. Heshima yaweza kuondolewa kwa haki. Ushahidi hauondolewi ila kwa uongo, na ushahidi wa uongo tumekatazwa.

Tena, mkasi huadhibu asiyekosa. Mke aliyeachwa ni mama wa mtu. Mtoto aliyebaki kwa baba yake hana kosa lolote katika ugomvi ule, lakini ndiye anayenyimwa sura ya mama. Na mara nyingi mkasi haumalizi kazi: mwili huondoka, mkono ukabaki begani mwa mwenzake. Siku moja mtoto atauliza, "Mkono huu ni wa nani?" Mzee atajibu nini?

Mataifa nayo yamefanya hivyo. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri ya Kisovieti, alipigwa picha akitembea na Stalin kando ya mfereji. Aliuawa mwaka 1940, kisha akafutwa katika picha ile, yakaonekana maji tu. Yezhov hakuwa mtu mwema. Maelfu kwa maelfu waliuawa chini ya amri yake. Lakini kumfuta hakukuwasaidia waliouawa. Kulimsaidia Stalin, asionekane kuwa walitembea pamoja. Ndivyo ilivyo: tukimfuta mkosaji, twaficha na kosa, pamoja na sehemu yetu ndani yake.

Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana hakutumia mkasi. Aliwataja Tamari, Rahabu, Ruthu na yule aliyekuwa mke wa Uria, ingawa wengine wangeona aibu.

Basi shauri letu ni hili. Picha inayoumiza iondolewe ukutani, itiwe katika bahasha kavu. Nyuma yake yaandikwe kwa penseli majina ya wote, mahali na mwaka, matusi yasiandikwe. Na vijana wenye simu, ambao hufuta kwa kidole kabla hasira haijapoa, wangoje kwanza. Waliomo katika picha ile wana watoto, na watoto hao watakuja kuitafuta.