Kuucheka Mji

Msomaji, huenda umepata kusoma hadithi ya Emil, mtoto aliyebuniwa na Erich Kästner wa Ujerumani mwaka wa 1929. Emil aliibiwa fedha zake ndani ya gari moshi alipokuwa akienda Berlin, na watoto wa mji ule, ambao asubuhi hakuwajua, walikuwa jeshi lake kabla ya usiku. Walimwandama mwizi njia kwa njia, na msomaji hucheka tangu mwanzo hata mwisho. Nilikisoma kitabu hicho nilipokuwa nikikaa Tena, upande wa mashariki wa Nairobi, nikaona wivu. Nilidhani Berlin imeumbwa kwa vitabu, na Tena imeumbwa kwa kulala na kuamka tu. Wivu ule ulikuwa ujinga, lakini ndio uliotutoa nyumbani.

Tulikuwa wanne. Jumamosi moja tulishika njia ya Jogoo Road kwa miguu kuelekea mjini, na mwenzetu mmoja alichukua daftari ili aandike vituko vyote. Vituko havikukawia. Katika Injili, safari ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ni ya hatari na wanyang'anyi. Katika mitaa yetu, Jerusalem na Jericho ni majirani, na mtoto aliyetumwa chumvi huenda akarudi kabla chungu hakijachemka. Tulicheka sana. Hatukujua kuwa jina kamili la mtaa ule ni Ofafa Jericho, kwa ukumbusho wa diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka wa 1953. Wala tulipofika Kariokoo, na kuliwika jina lile kama majogoo, hatukujua kuwa ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918. Makumi ya maelfu ya wapagazi wale walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, wakibeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao.

Watu wazima husema mtoto aachwe acheke, kwa kuwa hajui. Nakubali nusu ya neno hili. Asiyejua hana hatia ya kicheko cha kwanza. Lakini sisi, siku ile ile, tulifundishwa na mtu ambaye hakuwa mwalimu.

Kabla ya kufika Kariokoo, karibu na soko la Gikomba, tulimkuta mzee akivuta mkokoteni wa kabichi. Gurudumu liliingia shimoni, kabichi zikaviringika barabarani, naye akazifukuza kama mtu afukuzaye kuku. Mwenye daftari aliandika mbio mbio. Mzee alitutazama, akasema, "Chekeni, wajukuu wangu, lakini kiingilio hamjalipa." Kisha akacheka mwenyewe. Tuliona haya, tukaokota kabichi, tukausukuma mkokoteni hata ukatoka.

Jioni, tuliporudi Tena, swali lilizuka: je, mzee abaki daftarini? Mmoja alisema afutwe, kwa sababu taabu ya mtu si mchezo, naye hakutupa ruhusa. Neno hili lina uzito. Waandishi wangelifuata wote, vitabu vingi vingekuwa vyembamba. Mwingine alisema kumfuta ni kumdharau mara ya pili: mji utaandikwa bila ya wanaovuta mizigo yake, kana kwamba kabichi huja sokoni kwa miguu yake. Mimi niliona kuwa kosa halikuwa katika kumwandika bali katika kumwandika nusu. Daftari lilikuwa na mbio zake, lakini halikuwa na maneno yake, ambayo yalichekesha kuliko mbio zile. Pia halikuwa na sisi wanne, tuliosimama kando na mikono mifukoni.

Mwenye daftari alinuna kidogo, maana ukurasa ule aliupenda. Kisha alichukua kalamu, akaanza upya toka shimoni. Safari hii mzee alisema yake, sisi tukainama, na mmoja wetu, ndiye mimi, akakanyaga jani la kabichi akaketi topeni mbele ya soko zima. Jambo hilo lilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimemwomba asiliandike.