Breki ni Mali ya Nani?

Katika nchi yetu ya Kasulu na Kibondo vilima ni vingi, na baisikeli ni mtumishi wa nyumba nyingi. Huchukua ndizi na maharagwe kwenda sokoni. Huchukua na mgonjwa kwenda zahanati. Ikiharibika, mara nyingi fundi yu mbali na fedha ni chache. Basi mwenyewe huipindua uani, magurudumu juu, akaitengeneza kwa mikono yake. Je, afanya vema?

Wengine husema, "Chombo ni changu, nitakitengeneza nipendavyo." Neno hili ni kweli nusu. Kiraka cha mpira kikiachia, mwenye baisikeli ataisukuma mpaka nyumbani. Mnyororo ukikauka mafuta, yeye ndiye atakayechoka. Lakini breki sivyo. Siku unapompakia mtu nyuma yako, breki si yako peke yako tena.

Hayo nalifundishwa kwa aibu. Waya wa breki yangu ya nyuma ulikuwa umekatika nyuzi kadha wa kadha, na mipira ya breki ya mbele ilikuwa imekwisha kulika. Nikaufunga ule waya kwa kipande cha waya mwingine, nikajaribu mahali tambarare, ikashika. Nikasema, "Yatosha." Kesho yake nikampakia mtoto wa jirani. Katika mteremko kifungo kikateleza, tukaanguka, mtoto akavunjika mkono. Mama yake akaniambia, "Mchungaji, usihuzunike, ni ajali tu." Nalitamani kulipokea neno lile, kwa maana lilikuwa tamu. Lakini ajali ni jambo ambalo mtu hakuweza kuliona mbele. Mimi naliziona zile nyuzi, nikazifunika.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, yamwagiza mjenga nyumba aweke ukuta mdogo kandokando ya dari, mtu asije akaanguka. Nyumba ni yake, na dari ni yake; lakini anayeweza kuanguka ni mgeni wake.

Je, tuache kutengeneza wenyewe? Hasha. Mtu aishikaye baisikeli yake kila Jumamosi huona ubaya mapema kuliko yeye angojaye ivunjike. Na atazame unene wa mipira ya breki, nyuzi za waya, na nati za magurudumu kama zimekaza. Tena akumbuke kwamba mvua ikilowesha ukingo wa gurudumu, breki hukawia kushika. Waya uliokatika haufungwi, hubadilishwa; na kazi ipitayo ujuzi wake ampelekee fundi, hata kama ni mbali. Mwenye pikipiki naye yampasa vivyo hivyo, na zaidi, kwa kuwa mwendo wake ni mkali.

Kipimo ni hiki: kazi uliyoifanya uani, waweza kumwonyesha utakayempakia kabla hajapanda? Ukiweza, mpakie. Lakini ukitamani asiitazame, basi tembeeni wote wawili kwa miguu.