Kumficha Daktari Uji wa Alfajiri

Tuseme kuna mama hapa Shari, mjini Bunia, ambaye mwanawe atapasuliwa ngiri saa tatu asubuhi. Usiku kucha mtoto amelia njaa. Alfajiri, mwuguzi akiwa bado hajapita, mama anamimina uji kikombeni, anamnywesha upesi upesi, kisha anamfuta midomo kwa pindo la kitenge. Mwuguzi anakuja na kuuliza, "Mtoto hajala, sivyo?" Mama anajibu, "Hajala." Je, ametenda dhambi? Na kama ni dhambi, je, ni yake peke yake?

Wengi wetu twadhani kwamba kukatazwa chakula kabla ya kupasuliwa ni ukali tu wa wauguzi. Sivyo. Mtu aliyelala usingizi wa kawaida, chakula kikimpanda kooni, hukohoa na kuamka. Aliyelazwa kwa dawa hawezi, kwa kuwa hata kikohozi chake kimelala pamoja naye. Basi chakula, pamoja na maji makali ya tumbo, hushuka mapafuni. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York aliandika habari za akina mama wa hospitali moja ya huko: katika uzazi 44,016, mara 66 vitu vya tumboni viliingia mapafuni, na akina mama wawili walikufa kwa kusongwa na chakula. Siku hizi mgonjwa hukaa muda wa saa 6 bila chakula, na mtoto anyonyaye saa 4 tangu aache titi. Lakini maji matupu yaruhusiwa mpaka saa 2 kabla ya dawa, nasi twasema wazi kwamba mtoto anayenyimwa hata maji tangu jana jioni anateswa bure.

Huko nyuma palikuwa na Wakristo walioona shaka kama ni halali kumwondolea mtu maumivu. Shaka hiyo haina nafasi tena. Tarehe 24 Februari 1957 Baba Mtakatifu Pius XII aliwajibu waganga wa dawa za usingizi kwamba Mkristo halazimiki kutaka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe. Wala huruma hiyo si ngeni kwa watu wa ziwa letu. Ng'ambo ya Ziwa Albert, katika nchi ya Bunyoro, mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alimwona mganga wa kienyeji akimpasua mama ili kumtoa mtoto. Kwanza mama alinyweshwa pombe ya ndizi hata akawa nusu mlevi. Mama yule alipona.

Kwa hiyo swali lililobaki ni la ukweli. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alitenga uwongo unaosemwa kwa kusaidia na ule wa kudhuru, akaona kwamba ule wa kusaidia ni dhambi ndogo zaidi, ingawa dhambi ni dhambi. Mama wetu bila shaka amesema uwongo wa kusaidia: hakutaka faida yake, alimhurumia mwanawe. Ila hapa huruma yenyewe ndiyo inayomtia mtoto hatarini. Hakujua. Na asiyejua hahukumiwi kama ajuaye.

Lakini kwa nini hakujua? Aliambiwa "asile", hakuambiwa sababu. Zaidi ya hayo, aliogopa. Pengine ni miongoni mwa watu waliokimbilia Bunia tangu vita vya Djugu vilipozuka tena mwezi wa Desemba 2017. Pengine amekopa fedha za operesheni na za nauli, na anafikiri kwamba akisema kweli atafukuzwa, siku ipotee na fedha zipotee. Mtu akijua kwamba ukweli utalipwa kwa matusi mbele ya wagonjwa wote, twamshangaaje akiuficha? Anayeuliza kwa kutisha hujitayarishia jibu la uwongo, naye ana sehemu yake katika uwongo huo. Hatusemi hivyo ili kumpunguzia mama wajibu wake. Twasema kwa kuwa katika mambo haya mara nyingi dhamiri ya mnyonge ndiyo inayochunguzwa, na ya mwenye koti jeupe inapitwa.

Tena si kweli kwamba tumbo lenye chakula hufunga kila mlango. Mama mjamzito aliyefika usiku, mtoto amekwama, hawezi kungojeshwa saa 6. Hapo tumbo lake huhesabiwa kuwa limejaa, na kazi hupangwa kwa kulijali hilo. Mara nyingi huchomwa sindano ya mgongoni: miguu na tumbo hufa ganzi, mwenyewe yu macho, analinda koo lake, na kilio cha kwanza cha mwanawe anakisikia. Kama ametokwa damu nyingi, sindano hiyo yaweza kumshusha nguvu ya damu hata kufa. Ndipo wengi huchagua ketamini, dawa ambayo kwa kawaida humwacha mtu akivuta pumzi mwenyewe. Mtu mzima mwenye ngiri ndogo aweza hata kupasuliwa kwa kutiwa ganzi pale pale penye ngiri. Yaani habari ya uji ni sehemu ya mpango, kama uzito wa mwili na wingi wa damu. Daktari aliyedanganywa hupanga kwa ajili ya mtu mwingine, asiyekuwapo kitandani.

Turudi basi kwa mwuguzi wetu. Alisema, "Hajala, sivyo?" akawa amekwisha kumwekea mama jibu kinywani. Angeketi kidogo kando ya kitanda na kusema, "Mama, mara ya mwisho mtoto alikula nini, na saa ngapi? Ukiniambia uji, hatutamfukuza. Tutahesabu saa na kumpasua mchana." Ngiri isiyokaza yaweza kungoja mpaka saa nane.