Jasho la Kibarua na Deni la Tajiri



Bwana mmoja mwenye shamba la kahawa na mboga hapa Tengeru, ambaye kwa muda sasa amekuwa akiyachunguza mafundisho ya Islam, alinijia baada ya sala ya alasiri akaniuliza swali ambalo naona lafaa kujibiwa mbele ya wengi. Alisema: "Sheikh, watu wangu nawalipa. Lakini mshahara haukai siku tatu mikononi mwao. Wengine wanaikimbia kazi kwa kuwaogopa wadai. Je, dini yataka niwe mlezi wa mifuko yao? Nikiisha kuutoa mshahara, si nimemaliza wajibu wangu?"

Nami nikamwuliza: Mshahara wa mwezi uliopita ulitoka tarehe ngapi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ulitoka tarehe 12 ya mwezi uliofuata, kwani mnunuzi wa mboga alichelewa kumlipa.

Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. aliagiza kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Watu wengi huyasikia maneno haya wakayadhani ni adabu njema tu. La! Ndani yake mna hesabu. Mtoto hangoji tarehe 12 ili aone njaa, wala mwenye nyumba hangoji. Siku zile kumi na mbili kibarua lazima ale, na kwa kuwa tajiri wake hakumlipa, humwendea mkopeshaji. Wenyewe wananchi wameipa mikopo hiyo jina lake la haki: kausha damu. Jasho lililoachwa likakauka bila malipo hufuatwa na damu.

Tufanye mfano. Mtu mwenye mshahara wa shilingi 200,000 akope 100,000 kwa sharti la kurudisha 130,000 mwisho wa mwezi. Akilipa, hubakiwa na 70,000, nazo hazimfikishi mbali, basi hukopa tena zile zile 100,000. Baada ya miezi sita amekwisha kutoa 180,000 za riba tupu, na deni la asili lingali mahali pake. Wako waliomwachia mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri, hata siku ya mshahara ni yeye anayetangulia kwenye mashine. Qurani Tukufu imeikataza riba kwa ukali usio na mfano, na sisi wahubiri tunapenda kumkemea mla riba. Lakini ni mara ngapi tumemkemea yule aliyemsukuma maskini mpaka mlangoni kwake?

(Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, fedha yangu ya matumizi iliwahi kuchelewa majuma kadhaa, nikawa nakopa hata sabuni. Tangu hapo siwezi kumsikia mtu akisema "wangoje kidogo" bila kuuliza watangoja kwa kula nini.)

Wazee wa nchi hii wanakikumbuka kipande cha wakati wa ukoloni: kadi yenye nafasi 30, kila siku ya kazi ikatiwa alama, na ujira haukutoka mpaka alama 30 zitimie, hata kama mtu aliugua na siku za kalenda zimepita sana. Kipande kimekwisha kuondoka. Desturi ya kumngojesha mnyonge haijaondoka yote.

Tena kuna jambo la debe. Msimu wa kahawa, mchumaji hulipwa kwa debe. Nilimwomba bwana yule anionyeshe linavyopimwa, nikaona buni zimerundikwa juu ya ukingo kama kichuguu, na nyingine zinamwagika chini. Lakini alipolipa alilihesabu kuwa debe moja. Katika sura ya Al-Mutaffifin Mwenyezi Mungu anawatangazia maangamizo wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kamili, na wao wakipima hupunja. Tumezoea kuwasomea aya hizo wauza mchele wa sokoni. Nilimwambia kwamba zinalihusu na debe lake.

Vivyo hivyo akiba ya uzeeni. Kwa mujibu wa sheria, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10. Mwenye kuikata sehemu hiyo asiipeleke amekula amana ya mtu ambaye hatajua mpaka awe mzee, hana nguvu ya kushika jembe.

Ama kuhusu kuwa mlezi wa mifuko yao, nilimsimulia habari aliyoitoa Mtume s.a.w. ya watu watatu waliozibiwa na jabali pangoni, kila mmoja akamwomba Mungu kwa amali yake safi. Mmoja alikuwa tajiri wa vibarua. Kibarua mmoja aliondoka bila kuchukua ujira wake, nao ulikuwa kipimo cha nafaka tu. Tajiri yule hakuula. Aliupanda, akauzalisha mpaka ukawa kundi la mifugo. Baada ya muda mrefu kibarua akarudi kudai haki yake, naye akamwonyesha kundi zima. Maskini yule alidhani anafanyiwa mzaha! Akalichukua lote asibakize kitu, na jabali likasogea.

Angalieni kwamba tajiri huyo hakumfundisha kibarua namna ya kutumia fedha, wala hakumlazimisha kununua dukani kwake. Aliitunza haki ya mwenziwe kama mali ya mwenziwe. Basi kwa bwana wa Tengeru nilisema: tarehe ya mshahara iandikwe, isifungwe na mnunuzi wa mboga. Mwenye msiba akopeshwe bila riba, na makato yawe madogo kwa maandishi aliyoyakubali mwenyewe, kama inavyotaka pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Wakitaka kuanzisha chama chao cha akiba, wapewe nafasi ya kukutana, na funguo za sanduku zikae kwao.

Alisikiliza yote, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba wako wachumaji watatu walioondoka msimu uliopita, hawakulipwa juma lao la mwisho, na hajui waliko.

Nikamwambia: Jumamosi ni siku ya soko. Chukua daftari lako, twende pamoja tukawaulizie.