Mizani ya Mcheza Poka

Mcheza karata wa kujifurahisha huhukumu kila duru kwa mwisho wake: akishinda alicheza vyema, akishindwa bahati ilimtupa. Atakaye kuushika mchezo kwa bidii hana budi kuiacha kwanza hukumu hiyo. Maria Konnikova, mwandishi wa Marekani mwenye shahada ya udaktari katika saikolojia, hakujua hata kwamba karata ni 52 alipomwendea bingwa Erik Seidel ili amfundishe poka. Mwalimu huyo hakupenda kusikia hadithi za mikosi. Alitaka kujua uamuzi ulifikiwaje. Mwenye ree mbili akimkabili mwenye wafalme wawili, kabla karata za mezani hazijafunuliwa, hushinda takribani mara 4 katika 5. Mara ile ya 5 fedha zake huenda, na kosa hana.

Mwaka 2018 Konnikova alishinda shindano huko Bahamas, akapata zaidi ya dola 80,000. Kwa mizani ya mwalimu wake, ushindi mmoja si ushahidi wa kutosha. Hilo ni chungu kulimeza, maana lawama twaitupia bahati upesi, lakini sifa hatuitupii.

Hata hivyo, mizani hiyo hupima usahihi wa hesabu tu. Haiulizi kama aliyeketi mbele yako anachezea kodi ya nyumba. Na mchezaji, kwa kadiri azidivyo kuwa makini, ndivyo afundishwavyo kuitafuta meza yenye wachezaji dhaifu.