Kuonya na Kusengenya

Kumwonya mtu na kumsengenya huweza kutumia maneno yale yale. Tofauti kubwa ya kimaadili ni nani anayeyasikia. Kwa Wakristo, Injili ya Mathayo, sura ya 18, inaagiza mkosaji aendewe kwanza faraghani, kisha pamoja na mtu mmoja au wawili, na mwishowe tu kanisa lielezwe kosa lake. Kwa Waislamu, Kurani 49:12 hufananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa: mfano mkali, na unaostahili. Lakini faragha ina mpaka. Kiongozi anayewadhulumu wengi hukemewa hadharani, kwa kuwa waliodhulumiwa nao wana haki ya kusikia.