Kanda ya Kwanza Ilikuwa ya Nani?

Waulize watu waliokulia Dar es Salaam, Tanga au Mombasa miaka ya 1970 na 1980 muziki wa kwanza walioumiliki ni upi, na wengi hawaanzi na wimbo. Wanaanza na kanda yenyewe: nyeusi au ya kijivu, ina ufa pembeni, jina limeandikwa kwa kalamu ya Bic, na vile vijipande viwili vya plastiki vya mgongoni vimevunjwa makusudi ili mtu asije akarekodi juu yake. Baada ya kanda anafuata mwenyewe. Ilikuwa ya baba, au ya kaka aliyekuwa akisoma bweni, au ya shangazi aliyeiacha alipoolewa. Wimbo huja wa tatu.

Mfuatano huo unastahili kutiliwa maanani. Mtu anasema anautamani muziki wa utotoni, kumbe ukimsikiliza vizuri anazungumzia kitu na watu. Plato alikwisha kuligusa jambo hili katika Phaedo, pale Socrates, akiwa gerezani siku ya kufa kwake, anapowaambia rafiki zake kwamba mpenzi akiona kinubi au vazi la ampendaye, moyoni humjia yule mwenye kinubi. Basi shauku inayomshika mtu wa makamo kituoni, redio ya daladala ikipiga wimbo aliousikia akiwa na miaka 9, inamvuta kwenda kwa nani?

Kanda ilianza mwaka 1963, kampuni ya Philips ilipoionyesha Berlin. Lou Ottens, mhandisi Mholanzi aliyeongoza kazi hiyo, alitaka kifaa kinachoingia mfukoni. Utepe wake hauzidi milimita 4 kwa upana, nao hupita kwenye kichwa cha redio kwa mwendo usiofika sentimita 5 kwa sekunde. Kanda ya 60 ilibeba dakika 30 kila upande, ya 90 dakika 45. Santuri ilihitaji kiwanda; kanda ilihitaji redio kaseti, betri na subira. Kwa hiyo mtoto asiye na senti aliweza, kwa mara ya kwanza, kuwa na muziki wake. Alikaa mbele ya redio, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, akisubiri Radio Tanzania au Sauti ya Kenya ipige anachokitaka. Aliponasa wimbo, alinasa pia mwisho wa sentensi ya mtangazaji, na kama alikuwa akirekodi kwa maikrofoni, jogoo wa jirani na mlango uliofungwa kwa kishindo vyote viliingia.

Vikaingia vikabaki. Leo akiusikia wimbo uleule ukiwa safi, uliosafishwa kwa kompyuta, kuna mahali sikio lake linamngoja jogoo.

Mtakatifu Augustino angemwelewa. Mzaliwa huyo wa Thagaste, mji ambao leo uko Algeria, aliandika Maungamo yake karibu na mwaka 400, na katika kitabu cha 11 anahangaika na swali la wakati. Mfano anaouchagua ni wa mtu anayetaka kuimba zaburi aijuayo. Kabla hajaanza, zaburi nzima iko mbele yake, inangojwa. Akianza, kila neno linalomtoka linatoka upande wa matarajio na kuingia upande wa kumbukumbu, mpaka kisibaki cha kungojwa. Wakati, kwa Augustino, hupimwa ndani ya nafsi, nayo nafsi imetandazwa kati ya kijacho na kilichopita.

Aliyekuwa na kanda moja tu anaijua hoja hiyo bila kuisoma popote. Wimbo wa tatu unapoisha, tayari analisikia gitaa la wimbo wa nne, ingawa redio iko kimya. Miaka 40 baadaye wimbo huohuo ukipigwa harusini na kufuatiwa na mwingine, anashtuka. Si huo uliopaswa kufuata. Utepe nao una tabia yake. Ukikaa muda mrefu umejiviringisha, sumaku ya tabaka moja huacha alama hafifu kwenye tabaka la jirani, na katika ukimya wa kabla ya wimbo husikika mwangwi mdogo wa sauti ambayo bado haijaanza. Mafundi wa studio waliuhesabu kuwa kasoro. Msomaji wa Augustino anaruhusiwa kuipenda.

Jambo linakuwa gumu zaidi kwa mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111. Katika Ihya Ulum al-Din aliandika kitabu kizima juu ya samaa, yaani usikilizaji na hali inayomshika msikilizaji. Anachukua kauli ya wacha Mungu waliomtangulia kwamba sauti nzuri haiweki moyoni kisichokuwemo, huchochea tu kilichokwisha kuwemo. Lakini pia anajiuliza kwa nini mashairi yanayoimbwa huwatikisa watu wengine kuliko Kurani wanayoisoma kila siku, na moja ya sababu anazozitaja ni kwamba kinachosikika kwa mara ya kwanza ndicho kinachougonga moyo kwa nguvu. Kikirudiwa, nguvu hupungua.

Je, kanda ya mtoto haipingani na hilo? Ilirudiwa mara zisizo na idadi. Ilirudiwa hadi sauti ikaanza kuyumba, hadi redio ikaula mkanda na mtu mzima akaitwa kuunasua kidogokidogo, kisha ukakunjwa upya kwa kalamu iliyotumbukizwa kwenye tundu la gurudumu. Hata betri zilipokwisha zilianikwa juani ili zitoe angalau upande mmoja zaidi. Na bado mapenzi yalizidi. Pengine al-Ghazali anasema kweli kuhusu mguso, ila mguso si wote. Mara ya kwanza wimbo humtikisa mtu. Marudio humfanya aukae kama nyumba. Mtoto wa madrasa Lamu aliyezoea kasida za Maulidi tangu hajajua kusoma, au mtoto wa Dodoma aliyelala kila jioni akisikia mama anafanya mazoezi ya kwaya, hatokwi na machozi kila anapozisikia. Hata hivyo ukimtoa mtu huyo katika nyimbo zile, hujui umebakiwa na nani.

Sasa, nyimbo zile zilikuwa zake kweli? Mwaka 2013 watafiti wawili nchini Marekani, Carol Lynne Krumhansl na Justin Adam Zupnick, walichapisha utafiti juu ya vijana wa umri wa karibu miaka 20, waliosikilizishwa nyimbo zilizovuma kati ya 1955 na 2009. Watafiti walitarajia kumbukumbu na hisia ziwe nyingi kwa nyimbo za ujana wao wenyewe. Zilikuwa nyingi, lakini zilipanda tena kwa nyimbo za wakati wazazi wao walipokuwa vijana, na zikapanda tena kwa zile za miaka ya 1960, nyuma zaidi. Vijana wale walikuwa na kumbukumbu za muziki uliovuma kabla hawajazaliwa, pengine kwa sababu uliachwa ukipigwa nyumbani.

Afrika Mashariki haihitaji maabara ili ilikubali hilo. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Wako watu waliozaliwa mwaka 1985 wanaoapa kwamba Mbaraka ni muziki wao wa utotoni, na hawasemi uongo. Mwimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928 na akafariki 1950, na sauti yake ikaendelea kuwalea watu ambao hata bibi zao hawakuwahi kumwona. Maskati, Oman, kwenye nyumba za waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, kuna waliozaliwa hukohuko na kuikumbuka Zanzibar kwa taarabu ya wazazi wao. Wanakitamani kisiwa ambacho wengine wao hawajawahi kukikanyaga.

Hapa ndipo neno umiliki linaposhindwa kufanya kazi. Kanda ya kwanza kwa kawaida ilikuwa ya mtu mwingine, na huyo naye aliipokea kwa mwingine. Waumini wa pwani na bara wana namna ya kukiita kitu cha jinsi hiyo: amana. Aliyepewa amana anaitumia, anaifurahia, analala nayo chini ya mto ikibidi, lakini iko siku ataulizwa.

Swali hilo haliwezi kukwepwa, maana kanda ina upande wenye kuuma. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodi nyimbo zao kwenye studio za Radio Tanzania. Nyimbo zikapigwa hewani, wasikilizaji wakazinasa nyumbani, na maduka ya mitaani yakawa yakidurufu kanda kwa kila aliyeagiza. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki iliyounda COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, ilipitishwa mwaka 1999, wakati wengi wa wanamuziki wale walikuwa wamezeeka au wamekwisha kufa. Mmoja wao, Marijani Rajabu, alifariki 1995. Utamu wa utoto wa maelfu ya watu ulitokana na kazi ambayo wenyewe hawakulipwa kwa nakala zake. Mtoto hana hatia, kwa kuwa hakujua. Ila mtu mzima anayelia kwa wimbo huo leo anajua, na kumbukumbu tamu haifuti deni.

Wapo wanaojibu kwamba heri ya zamani, kanda moja iliwafundisha watu kusikiliza, na vijana wenye simu iliyojaa nyimbo hawasikilizi chochote. Nusu ya kauli hiyo ina uzito. Simone Weil, mwanafalsafa Mfaransa aliyefariki 1943, aliamini kwamba umakini kamili ni ndugu wa sala, na kwamba hata mwanafunzi anayehangaika na hesabu anajizoeza kuomba. Mtoto aliyesikiliza upande B mzima, pamoja na wimbo asioupenda, kwa kuwa kuuruka kungemaliza betri, alijizoeza hivyo pasipo kujua. Nusu ya pili ni dhuluma kwa vijana. Uhaba ulikuwa uhaba. Hakuna mzazi aliyeupenda. Na binti wa miaka 12 anayerudia wimbo mmoja kwenye simu ya mama yake wiki nzima, mpaka nyumba nzima imechoka, anafanya kilekile alichofanya mama.

Kinachobaki mikononi mwa wenye kanda ni kazi ndogo na ya haraka. Unga wa sumaku unapukutika kwenye tepu za zamani, na mafundi wanaozihamisha kwenda kwenye flashi bado wapo mijini. Fundi atauliza kama asafishe makelele. Jogoo aachwe, pamoja na sauti ya mtangazaji, kwa sababu ndivyo amana ilivyopokewa. Kisha yatafutwe majina. Kanda nyingi zimeandikwa tu «Mchanganyiko» au «Usifute», bila bendi, bila mwimbaji, bila mpiga gitaa la solo. Wazee wanaoweza kusema huyu ni nani, alipigia bendi gani, na familia yake iko mtaa upi, bado wapo, na wengine wamepita miaka 80. Waulizwe mwaka huu.